Mkia wa μ

Pamba ya Kasoli, kama ya Bariadi yote, huchambuliwa kwanza na mwenye shamba. Nyeupe na kavu inawekwa rundo la safi. Iliyofyonzwa na kangambili au kunyeshewa inakwenda kwenye fifi. Hapo jicho linatosha. Ikishatenganishwa na mbegu kiwandani na kufungwa marobota, kazi inahamia kwa mpanga madaraja, na huyo ndiye ninayemhusudu.

Anachomoa kishungi kwenye sampuli, anakibana kwa vidole gumba viwili na kukivuta mpaka kikatike katikati. Nusu moja anaitupa. Nyuzi zinazochomoza kwenye nusu iliyobaki anazivuta kidogo kidogo, anazipanga moja juu ya nyingine na kuziondolea fupi, hadi abaki na utepe mwembamba ulionyooka. Anaulaza juu ya kitambaa cheusi. Milimita 28? Ni pamba nzuri.

Unene ndio unaomshinda. Unyuzi mmoja una upana wa μm 12 hadi 20 hivi, na herufi hiyo ya mbele, myu ya Wagiriki, maana yake ni sehemu moja ya milioni. Basi sampuli iliyopimwa uzito inashindiliwa kwenye kikopo na kupulizwa hewa: nyuzi nyembamba huizuia, nene huipitisha. Kipimo hicho wafanyabiashara wanakiita maikronea. Kikisoma 4, inchi moja ya unyuzi ina uzito wa takriban μg 4.

Zamani μ iliandikwa peke yake, ikimaanisha mikroni. Mwaka 1967 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliifuta, na tangu hapo haitembei bila m, g au mwenziwe. Mkia wake wa kushoto usidharauliwe. Kwenye cheti cha dawa, μg iliyoandikwa ovyo husomeka mg, na mgonjwa akapewa dozi mara elfu. Ndiyo maana wauguzi wengi hufundishwa kuandika mcg. Wanaochapa u kwa uvivu wa kuitafuta myu wananikera, nakiri.

Wanunuzi hupenda maikronea ya 3.5 hadi 4.9. Ikishuka chini ya hapo, huenda mbegu yenyewe ni ya nyuzi nyembamba, au tumba lilifunguka kabla kuta za nyuzi hazijajaa. Pamba changa hufanya vinundu kwenye uzi na haishiki rangi. Hewa haitofautishi hayo mawili, kwa hiyo mpanga madaraja anauliza ni mbegu gani iliyopandwa, kisha anachomoa kishungi kingine.