Lawino Darasani

Katika miaka niliyosomesha Kiingereza na fasihi yake kwenye sekondari zetu za Tanzania, sijaona kitabu kinacholiamsha darasa kama Song of Lawino cha Okot p'Bitek (1966). Watoto wanaosinzia nikitaja sarufi huangua kicheko Lawino anapomsuta Clementine, mpenzi wa mumewe, kwa rangi ya midomo. Kiingereza chake hakidai kamusi kila mstari. Mtunzi alianza kwa Kiacholi, kisha akatafsiri mwenyewe; vina vya asili viliachwa njiani, lakini sauti ya mke aliyedharauliwa haikupotea.

Kinachokiua ni vijitabu vya maswali na majibu. Humo Lawino ni mila, Ocol ni usasa, basi! Mwanafunzi anakariri, anapata alama zake, na kitabu chenyewe hajakifungua. Hatajua kwamba Lawino hawakatazi Wazungu desturi zao. Ugomvi wake ni na mume anayezitukana za kwao. Wala hataifikia sehemu ya siasa, ambamo Ocol na ndugu yake wamekuwa maadui kwa ajili ya vyama. Kwangu mimi hiyo ndiyo kali kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Song of Ocol (1970), jibu la mume, ni hasira tupu, kicheko hamna. Nami huwapa wasichana wamsomee Ocol kwa sauti, wavulana wamsomee Lawino. Ubishi huanza hapo, tena kwa Kiingereza.