Mkono Unaoachia

Ukutani kwangu pana picha ya bendi, nyeusi na nyeupe: wanaume tisa, mashati ya sare, suruali za bugaluu. Mwimbaji yuko katikati. Mpiga solo kalielekeza gitaa mbele kama anayekuuzia. Pembeni kabisa, kulia, fremu imemkata mtu begani. Umebaki mkono mmoja, nusu ya gitaa na kiatu. Huyo ndiye mpiga ridhimu, na ndiye aliyenifundisha.

Tulimwita Fundi. Usiku alikuwa mwanamuziki, lakini ufundi ambao mtaa mzima wa Ilala ulimjua nao ni wa cherehani. Nilikwenda barazani kwake kichwa kimejaa solo za Mbaraka Mwinshehe, kama vijana wote wa rika langu. Fundi hakunisikiliza hata dakika mbili. Aliokota kipande cha kitenge kilichoanguka chini ya meza, akakisokota, akakipenyeza chini ya nyuzi za gitaa karibu na zinapoishia, akafunga fundo. Nilipopiga, haikutoka noti yoyote. Ilitoka "cha", kavu kama jani la mwembe unapolikanyaga.

"Haya," akasema. "Siku utakayojua kusema cha, nitakufungulia."

Wiki tatu. Yeye anakanyaga cherehani, mimi nafuata mguu wake. Akifika kwenye kola hupunguza mwendo, nami hupunguza. Hapo ndipo aliponigeukia na sindano mdomoni: "Anayekunja kola ni mimi. Wewe unakunja nini?" Mpaka leo nikisikia bendi inapunguza mwendo pasipo sababu, nauona uso ule na ile sindano.

Alipofungua kitambaa nilidhani nimehitimu, kumbe ndiyo kwanza somo la mkono wa kushoto. Anayejifunza kodi za gitaa (si hizi za TRA) hufikiri kazi yote ni kushika. Kwa Fundi kazi ilikuwa kuachia. Vidole vinabana, mkono wa kulia unapita, na kabla sauti haijajinyoosha vidole vinalegea. Haviruki, haviachani na nyuzi, vinalegea tu, na sauti inakatika. "Fungua mlango, funga, nzi asiingie." Alisema hivyo mara ngapi sijui. Na vidole vyangu vilikuwa vikiruka kila mara, na kila mara uzi ulilia kidogo, na yeye hakuinua macho kutoka kwenye nguo ya mteja; alitikisa kichwa tu.

Sababu ya ukali huo niliielewa siku aliponichukua mazoezini. Ridhimu katika dansi si ile ya kufagia nyuzi zote sita juu chini kama kwaya ya shule. Ni mzunguko mdogo wa noti chache, unaorudi na kurudi, wenye matundu. Ndani ya matundu hayo second solo anatia maneno yake, besi anapita chini, tumba anajibu. Ukiiacha sauti yako ijinyooshe, umekalia kiti cha mwenzio. Na ukumbini, Fundi alipokuwa akipiga hakutazama vidole hata kidogo. Alitazama viatu vya wacheza dansi. Visigino vikianza kuburuzika, alikuwa akiusogeza mkono wa kulia mbele kidogo tu, kiasi ambacho hakuna ambaye angekitaja, na baada ya mizunguko miwili vile visigino vilikuwa vimeinuka.

Bendi zetu zilijiita jazz kwa fahari: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, NUTA Jazz ya mwaka 1964. Jina lilitoka Marekani, lakini miguu ilifuata zaidi santuri za GV zilizobeba muziki wa Cuba, halafu na Kongo. Hata hivyo Fundi alikuwa na kaseti moja ya jazz yenyewe, ya Count Basie, aliyoachiwa na mteja wake baharia. Humo alimpata ndugu. Freddie Green, mpiga gitaa la ridhimu, aliingia bendi ya Basie mwaka 1937 akakaa humo hadi alipofariki 1987. Mwaka 1950 Basie alipopunguza watu, naye akaachwa. Inasimuliwa kwamba alikuja tu na gitaa lake, akaketi, akapiga, na habari ya kuachwa ikaishia hapo. Gitaa lake halikuwa na umeme. Nyuzi aliziinua juu, ngumu kuzibana, na alipiga mapigo manne, manne, manne, mara nyingi katika kodi nzima uzi mmoja tu ndio unaosikika sawasawa. Solo zake ni za kuhesabu kwa vidole. Wenzake wamesimulia kwamba zamani aliwahi kujaribu amplifaya ili naye apige solo, na kila alipofanya hivyo bendi ilipwaya. Basi wakawa wanaiharibu amplifaya hiyo kwa siri mpaka akachoka kuitengeneza. Fundi alikipenda kisa hicho kuliko vyote. "Unaona? Walimwibia sifa wakampa kazi."

Muulize mzee yeyote nani alipiga solo katika wimbo fulani wa bendi ya Msondo au Sikinde, atakutajia na shati alilovaa. Muulize ridhimu. Na kanda za nyimbo hizo zilirekodiwa Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Mzunguko ule mdogo ilibidi usimame wima kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, dakika zote, pasipo mtu wa kuja baadaye kuuziba.

Mwezi uliopita nilikuwa harusini. Jukwaani palikuwa na waimbaji wanne, madansa, na kijana mmoja wa kinanda. Alibonyeza kitufe, ridhimu ikatoka, safi, haina kosa. Kisha akatoa simu akawa anasoma ujumbe. Wazee walipoinuka kucheza mwendo uliwazidi. Walikimbizana nao kidogo, wakacheka, wakarudi vitini. Kinanda hakioni viatu.

Gitaa la Fundi lilirithiwa na mjukuu wake, dereva wa bodaboda, kijana mwenye adabu na sikio zuri. Mwishoni mzee alikuwa amerudia kulifunga kitambaa, vidole vilipokosa nguvu ya kubana, akawa anapiga "cha" peke yake barazani jioni. Nilipomtembelea kijana alinipigia solo mbili tatu, za kasi, nami nikamsifu kwa haki. Nikauliza habari za kile kitambaa.

"Kile? Nilikifungua siku ileile nilipopewa, mjomba. Kilikuwa kinaziba sauti."

Nilikiona nilipokuwa naondoka. Kilikuwa kimefungwa kwenye usukani wa bodaboda, anafutia vioo.