Rangi Si Cheti cha Kuzaliwa cha Behewa

Mwanzoni mwa Februari 1949 meli ya Magellan iliingia bandari ya New York ikiwa imebeba mabehewa 49 ya mizigo kutoka Ufaransa. Yalisheheni zawadi za wananchi wa kawaida waliotaka kuwashukuru Wamarekani kwa chakula walichochangiwa mwaka 1947, kufuatia wito wa mwanahabari Drew Pearson. Kila jimbo kati ya majimbo 48 ya wakati huo lilipata behewa moja. La mwisho wakagawana mji mkuu Washington, D.C. na Hawaii. Msafara huo uliitwa Treni ya Merci, yaani ya Asante, na mabehewa yake mengi yangalipo hadi leo katika makumbusho na viwanja vya maveterani.

Ukiuliza behewa fulani lilijengwa wapi na lini, jibu hutolewa haraka kwa kusoma ubavu wake. Tatizo ni kwamba ubavu ndio sehemu iliyobadilishwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

Tuanze na maandishi yake maarufu: Hommes 40, Chevaux 8. Maana yake ni kwamba behewa lilichukua askari 40 au farasi 8. Hicho ni kipimo cha jeshi, kilichoandikwa kwenye mabehewa yenye paa ya kampuni mbalimbali na ya rika mbalimbali, na kikatumika katika vita vyote viwili vya dunia. Hakitaji mwaka wala kiwanda. Ngao za mikoa ya Ufaransa nazo zilibandikwa kwa ajili ya safari ya 1949. Ni pambo.

Herufi SNCF zinasema zaidi kidogo. Hilo ni shirika la reli la Ufaransa, lililoanza kazi Januari 1938 lilipounganisha reli za kampuni kubwa kama PLM, Nord, Est na Midi. Kwa hiyo behewa la karne ya 19 lenye herufi hizo linaonyesha jina la pili, pengine la tatu, na namba ya zamani imekwisha kufunikwa. Juu ya hapo kuna kazi ya maveterani wa Marekani wa chama cha Forty and Eight, kilichoanzishwa Philadelphia mwaka 1920. Wameyatunza mabehewa haya kwa moyo, lakini kuyatunza kulimaanisha kung'oa mbao zilizooza na kupaka rangi upya. Namba unayoiona leo yaweza kuwa imenakiliwa kutoka nakala ya nakala.

Mchunguzi makini huanzia chini. Visanduku vya beringi, vile vinavyokaa kwenye ncha za ekseli, mara nyingi vina herufi za kampuni zilizosubiwa pamoja na chuma chenyewe. Ukikwangua grisi iliyoganda, P, L na M hujitokeza wazi. Hata hivyo, usishangilie mapema. Magurudumu yakipelekwa karakana kuchongwa, behewa halikulazimika kurudishiwa yale yale, na visanduku vilihama nayo. Ndiyo maana vinne vyote hukaguliwa. Vitatu vikisema PLM na kimoja Est, hicho kimoja kinasimulia matengenezo tu. Vikitofautiana vyote, viache na upande kwenye fremu.

Fremu ndiyo shahidi mgumu kuhongwa. Ya karne ya 19 iliungwa kwa ribiti, hivyo penye alama ya kuchomelea pana mkono wa baadaye. Matundu matupu huonyesha mahali paliposhika kitu kilichoondolewa, kwa mfano kibanda cha mshika breki. Bomba la breki ya hewa kwenye behewa la zama hizo nalo ni nyongeza, kwa maana treni za mizigo za Ufaransa hazikuwa nalo enzi hizo.

Kisha chukua futi kamba, upime umbali kati ya ekseli. Mkataba wa kusitisha vita wa 1918 uliitaka Ujerumani ikabidhi mabehewa 150,000, na katika vita vya pili ikawa zamu ya mabehewa ya Ufaransa kuchukuliwa. Behewa lenye alama za Kifaransa si lazima liwe limezaliwa Ufaransa. Behewa la Prussia la aina ya G10, kwa mfano, lina mita 4.5 kati ya ekseli, na kipimo kama hicho hakifutwi kwa brashi.

Jambo moja humrahisishia mchunguzi kazi. Mabehewa haya yalikuwa na bafa na minyororo, wakati treni za Marekani zilitumia viungio vya kujifunga. Basi yalisafirishwa majimboni yakiwa juu ya mabehewa tambarare. Uchakavu wote wa magurudumu ni wa Ulaya, kabla ya 1949.

Picha za magazeti za mapokezi ya mwaka huo huja mwisho. Zitumie kulinganisha milango, madirisha ya hewa na vyuma, maana rangi iliyoko pichani ilipakwa kwa ajili ya sherehe.

Wenye mabehewa haya wanaombwa jambo dogo: kabla ya kupuliza mchanga kuondoa kutu, pigeni picha kila tabaka la rangi, kila ribiti na kila kisanduku. Na kwenye kibao cha maelezo, kama ushahidi unaishia kwenye jina la kampuni, andikeni kampuni, mwaka muuache wazi.