Heko, Mafundi wa Stima wa Malindi

Ukipita Gongoni kuelekea Marereni utaona mabwawa ya chumvi yakimetameta, na kando yake pampu zikivuta maji ya bahari. Pampu kubwa hula ampea nyingi mno kupitishwa ndani ya kifaa cha mkononi. Kingeungua papo hapo. Basi fundi hakati waya. Hufungua taya za mita yake, akaubana waya mmoja tu, na usumaku unaouzunguka ndio unaomwambia mkondo ni kiasi gani. Mwanagenzi akizibana nyaya zote tatu za mota pamoja, mita husoma sifuri: nguvu za sumaku zimefutana. Hapo ndipo ustadi unapoanzia.

Kwenye makabati makubwa ya stima kuna transfoma ya mkondo, pete ya chuma iliyoviringishiwa waya mwembamba, imeandikwa 400/5. Ampea 400 zikipita katikati, upande wa pili hutoka 5 kwenda kwenye mita, na hesabu huzidishwa kwa 80. Lakini ole wake anayezifungua nyaya za upande huo mzigo ukiwa unaendelea! Volti hupanda ghafla, na zinaweza kuua. Fundi mwema huziunganisha nyaya hizo pamoja kwanza, kisha ndipo aitoe mita. Nawavulia kofia kwa subira hiyo, tena katika hewa ya chumvi inayokula kila skrubu.

Mwenye hoteli, mwenye kiwanda: mpe fundi nafasi ya kupima kabla hujamwamuru abadilishe fyuzi.