Lezama na ufundi wa kusubiri

Fainali ya Kombe la Mfalme ya Hispania, iliyochezwa Sevilla tarehe 6 Aprili 2024, ilipofika kwenye mikwaju ya penalti, langoni mwa Athletic Club ya Bilbao hakusimama Unai Simón, kipa namba moja wa klabu na wa timu ya taifa. Alisimama Julen Agirrezabala, kijana wa miaka 23. Kocha Ernesto Valverde alikuwa amemkabidhi mechi za kombe hilo, na fainali ilipowadia hakumpokonya. Klabu ilikuwa haijalibeba kombe hilo tangu 1984, na kuanzia 2009 ilikuwa imeingia fainali tano ikapoteza zote. Makocha wengi wangeona usiku kama huo ni wa kumrudisha mkubwa golini. Agirrezabala akaupangua mkwaju wa Manu Morlanes wa Mallorca, mwenzake Nemanja Radonjić akapaisha wake, na Athletic wakashinda penalti 4-2 baada ya sare ya 1-1.

Makipa wote wawili, aliyecheza na aliyekaa benchi, wamepitia Lezama. Hapo ni mahali pa mashambani, kilomita chache mashariki ya Bilbao, ambako klabu ilifungua kituo chake mwaka 1971. Uwanja wa zamani wa San Mamés, uliotumika tangu 1913 hadi 2013, ulipobomolewa, lile tao la chuma lililokuwa limebeba paa la jukwaa kuu halikuuzwa kama chuma chakavu. Lilihamishiwa Lezama, likasimikwa kando ya viwanja vya mazoezi, na kila mtoto anayefika pale na begi lake la viatu analiona.

Kwa zaidi ya miaka mia moja Athletic imechezesha wachezaji waliozaliwa au waliokuzwa kisoka katika nchi ya Wabaski, upande wa Hispania na upande wa Ufaransa. Eneo lote hilo lina watu kama milioni 3, wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam peke yake. Ligi ya Hispania ilianza mwaka 1929, na klabu ambazo hazijawahi kushuka daraja ni tatu tu: Real Madrid, Barcelona na hii. Sisi tuliozoea kusubiri dirisha la usajili kama watoto wanavyousubiri mwezi wa Idi, tunapaswa kuikodolea macho klabu hii kwa muda mrefu zaidi kuliko tunavyofanya.

Mjadala wa iwapo klabu itegemee vijana wake kwa kawaida huishia kwenye fedha: kijana ana mshahara mdogo, hana ada ya uhamisho, ukimuuza ni faida. Hayo ni kweli, lakini hayagusi kiini. Klabu nyingi kubwa za Ulaya zina akademi nzuri kuliko Lezama kwa majengo na kwa fedha. Kinachokosekana ni ulazima. Kocha wa kikosi cha kwanza anajua kwamba kijana wa miaka 18 akikosea mechi mbili, klabu itamnunulia mtu wa miaka 26 aliyekwisha iva. Bilbao hakuna duka hilo. Beki wa kushoto akiumia, macho yote yanageukia Lezama, na aliyeko huko ndiye atakayecheza. Kwa hiyo kila mtu klabuni, kuanzia kocha wa watoto wa miaka 10, anafanya kazi akijua kwamba kazi yake itatumika. Naamini hapo ndipo ufundi wao ulipozaliwa.

Ushahidi mzuri wa jambo hili hauko hata Hispania. Chelsea ya London ilichukua Kombe la FA la Vijana miaka mitano mfululizo, 2014 hadi 2018. Vijana walikuwepo, tena bora kuliko wa klabu yoyote Uingereza, lakini walitawanywa kwa mkopo huku na kule. Mwaka 2019 FIFA ikaifungia klabu hiyo kusajili. Kocha Frank Lampard, akiwa hana pa kununua, akawaingiza Mason Mount, Tammy Abraham, Reece James na Fikayo Tomori, na timu ikamaliza msimu katika nafasi ya nne. Hakuna aliyewafundisha mpira katika miezi ile. Walikuwa wanaujua tayari, na kilichobadilika ni kwamba klabu iliwahitaji. Kufungiwa kulipokwisha duka likafunguliwa tena, na baada ya miaka michache Abraham alikuwa Roma, Tomori alikuwa Milan, Mount alikuwa Manchester United. Chini ya kanuni za fedha za Ligi Kuu ya Uingereza, mchezaji uliyemlea mwenyewe akiuzwa, karibu bei yote huandikwa faida. Yaani mlezi mzuri anapewa sababu ya kumuuza mwanawe kwanza kabla ya kumuuza aliyemnunua. Nalihesabu hilo kuwa moja ya mambo ya kusikitisha kabisa katika mpira wa leo.

Rudi basi kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo inayonivuta. Kumlea mchezaji ni kumtazama mtoto ambaye mwili wake unabadilika kila msimu bila kumwuliza kocha. Mvulana wa miaka 12 ana mguu laini, anageuka na mpira katika nafasi finyu, anaona pasi kabla ya wenzake. Akifika miaka 14 anarefuka ghafla. Magoti yanauma pale chini ya kifuniko cha goti, ambako mfupa unakua haraka kuliko misuli inayouvuta. Ule mguso wa kwanza unapotea: mpira uliokuwa ukilala mguuni sasa unaruka hatua mbili mbele. Anakimbia kama amevaa viatu vya kaka yake. Upande wa pili wa uwanja yupo mwenzake aliyebalehe mapema, mwenye kifua na mapaja, anayewapita mabeki wa umri wake kwa nguvu tu na kufunga kila Jumamosi. Mtu mwenye haraka anamwacha wa kwanza na kumsifu wa pili. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba akademi hujaa watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili, kwa sababu miezi ile michache huonekana kama kipaji wakati ni umri tu.

Mlezi anayeijua kazi yake anaona kitu kingine. Anatazama kichwa cha mtoto kabla ya mpira kufika: je, ameangalia nyuma ya bega lake? Mara ngapi? Anatazama anapokea kwa mguu upi, ule wa karibu na adui au ule wa mbali, na kama mwili wake uko wazi nusu ili mguso wa kwanza umtoe kwenye shinikizo badala ya kumwingiza. Mambo haya hayapotei mtoto anaporefuka. Miguu inasahau kwa mwaka mmoja au miwili, macho hayasahau. Kocha wa namna hiyo humpunguzia mazoezi magoti yakiuma, humpanga na wadogo kidogo ili aguse mpira mara nyingi, na anakubali kufungwa mechi za watoto kwa ajili ya jambo litakaloonekana baada ya miaka sita, ambapo pengine yeye mwenyewe hatakuwa kazini. Hakuna jedwali la ligi linaloonyesha kazi hiyo. Ndiyo maana naiheshimu kuliko ya kocha mkuu anayepunga mikono kando ya mstari.

Lezama wameiwekea kazi hiyo ngazi, na kuna ngazi moja ninayoipenda kuliko zote. Kati ya timu ya vijana na kikosi cha pili, Bilbao Athletic, ipo Basconia, klabu ndogo ya mji wa Basauri ambayo Athletic huitumia kama timu ya chini. José Ángel Iribar, kipa mkubwa kuliko wote katika historia ya Athletic, alidakia Basconia kabla ya kuingia Bilbao mwaka 1962. Kijana wa miaka 18 anapelekwa pale akacheze madaraja ya chini na watu wazima: mabeki wa miaka 33 wanaofanya kazi nyingine mchana, wanaojua kuvuta jezi wakati refa anatazama kwingine, wanaompiga kiwiko cha mbavu kabla ya kona. Katika timu za vijana alikuwa mfalme. Hapa anajifunza kuwa mpira una mabega. Akirudi juu amekomaa kwa jambo ambalo haliwezi kufundishwa katika uwanja wa nyasi safi na wenzake wa umri mmoja.

Iker Muniain alifika klabuni akiwa na miaka 12, akacheza kikosi cha kwanza akiwa na miaka 16 mwaka 2009, na usiku ule wa Sevilla alikuwa nahodha aliyelinyanyua kombe. Iñaki Williams, mtoto wa wazazi waliotoka Ghana wakavuka jangwa la Sahara, alizaliwa Bilbao na kukulia Pamplona. Kati ya Aprili 2016 na Januari 2023 hakukosa hata mechi moja ya ligi, mechi 251 mfululizo, rekodi ya La Liga. Mdogo wake Nico ndiye aliyenasa mpira katikati ya uwanja kwenye fainali ile, akakimbia nao, akampenyezea Oihan Sancet aliyesawazisha.

Yupo mchezaji mwingine wa usiku ule ambaye hutajwa mara chache, na kwangu ndiye anayeonyesha undani wa jambo hili: Iñigo Ruiz de Galarreta. Alilelewa Lezama, magoti yakamsumbua, hakupata nafasi, akaondoka. Akazunguka klabu nyingi za Hispania kwa miaka, nyingine za daraja la pili. Athletic wakamrudisha mwaka 2023 kutoka Mallorca, akikaribia miaka 30, na msimu huo huo akaanza fainali katikati ya uwanja dhidi ya klabu aliyoihama. Mshambuliaji Gorka Guruzeta naye aliachwa aende mwaka 2020, akacheza Sabadell na Amorebieta, akarudishwa 2022. Klabu nyingine ikimwacha kijana, faili lake linafungwa. Hapa hawana anasa ya kulifunga. Wanaendelea kumfuatilia waliyemkosea hesabu, na akiiva mbali na nyumbani wanamfungulia mlango.

Hata hivyo, mfumo huu una gharama, na anayeusifu bila kuzitaja anawadanganya wasomaji. Msimu wa 2006–07 Athletic walimaliza nafasi ya 17 na kuponea chupuchupu kushuka. Majirani zao, Osasuna hasa, wamekuwa wakilalamika kwamba Bilbao huwachota watoto wao wazuri, na wana haki ya kulalamika: katika waliofunga penalti za Sevilla, Raúl García na Álex Berenguer walilelewa Osasuna. Real Sociedad, waliokuwa na desturi ya namna hii, waliiacha mwaka 1989 walipomsajili John Aldridge kutoka Liverpool, na bado wanatoa vijana wazuri hadi leo. Basi sioni sababu ya klabu nyingine kuiga mpaka wa asili ya mtu. Mpaka ule ni wa Wabaski, una historia yao. Kinachofaa kuchukuliwa ni ule ulazima.

Nitaeleza kwa mfano mmoja. Agosti 2018 Chelsea walilipa euro milioni 80 kumchukua kipa wa Athletic, Kepa Arrizabalaga, na kumfanya kipa ghali kuliko wote duniani. Unai Simón wakati huo alikuwa na miaka 21, na wiki chache kabla alikuwa amepelekwa kwa mkopo Elche. Kepa ameondoka, kipa mwenzake Iago Herrerín ameumia. Klabu yenye milioni 80 mkononi ingeweza kupiga simu popote. Athletic wakampigia Elche, wakamrudisha kijana wao, na tarehe 20 Agosti akadaka mechi yake ya kwanza ya ligi. Baadaye alidaka fainali ya Euro 2024 iliyoipa Hispania ubingwa. Alikuwa tayari kwa sababu kwa miaka saba pale Lezama kulikuwa na mtu aliyekuwa akimfundisha kana kwamba siku hiyo lazima ingefika.

Klabu zetu za Afrika Mashariki zinazopenda kusema zinawekeza kwa vijana zinaweza kuanza na hatua ndogo isiyohitaji kujenga hosteli wala kununua nyasi bandia. Katika orodha ya kikosi cha msimu ujao, ziache nafasi mbili bila kusajili, tuseme beki wa kushoto wa pili na kiungo wa tatu, na zimwambie kocha wa vijana leo hii kwamba nafasi hizo ni zake kuzijaza. Halafu zimlipe kocha huyo mshahara unaomwezesha kubaki miaka kumi.