Rangi ya kijani ya WSJT-X haituambie yote

Leo nachambua programu yenye ninaipenda, kwa hiyo sitaihurumia. Ni WSJT-X, programu ya bure yenye watu wa redio amateri wanatumia ili kutumiana ujumbe mufupi sana kupitia mawimbi. Ilianzishwa na Joseph Taylor, ule Mumarekani wa fizikia mwenye alipata Nobel katika 1993 pamoja na Russell Hulse. Katika 2017, yeye na Steven Franke walitoa FT8, njia yenye karibu kila mutu anatumia leo. Zamu moja ni sekunde 15, kituo kimoja kinachukua herzi 50 tu, na programu inasoma ishara yenye iko desibeli 20 chini ya makelele. Sikio la mutu halisikie kitu pale. Miye nasikiliza tu, sitangaze, lakini kuona kituo cha mbali kinaandikika kwenye ordinatere kuukuu hapa Bukavu, ni jambo kubwa.

Sasa shida njo hii. Sauti inatoka kwenye redio, inapita kwenye waya, inaingia kwenye karti ya sauti ya ordinatere, kisha Windows ao Linux inaipatia programu. Chini kushoto ya dirisha kuko kipimo chenye kusimama, kama termometre. Kitabu cha maelezo kinasema: wakati hakuna vituo, makelele peke yake ifike karibu desibeli 30, na rangi iwe ya kijani. Ni shauri zuri sana. Lakini kitabu hakieleze vizuri sababu gani 30, na mutu mwenye haelewe sababu hawezi kufuata shauri kwa muda murefu. Anaona 30 iko chini, anapandisha mupaka 60, anafikiri sasa atasikia mbali zaidi.

Hesabu yake haiko nguvu. Sauti inahesabiwa kwa biti 16, ni kusema namba kubwa kabisa ni 32,767. Hiyo ni karibu desibeli 90 kwenye kile kipimo. Desibeli 30 ni makelele yenye ukubwa wa karibu 32 tu. Kwa hiyo juu ya makelele kunabakia nafasi ya desibeli 60, na hiyo nafasi ni ya vituo vyenye nguvu. Katika FT8 hausikilize kituo kimoja. Vituo makumi vinaingia pamoja kwenye sauti moja, mwenye kulalamika na mwenye kunong'ona. Ukipandisha nivo, unapandisha ishara na makelele pamoja. Tofauti kati yao haibadilike hata kidogo. Chenye unapoteza ni ile nafasi ya juu.

Hapa njo nalaumu programu yenyewe. Kipimo kimewekwa kwenye mulango wa mwisho, na uharibifu mara nyingi unatokea kwenye mulango wa kwanza. Ordinatere nyingi za kubeba ziko na tundu moja tu, la mikro, lenye limetengenezwa kwa sauti kidogo sana. Mutu anatia pale waya wa spika ya redio. Mawimbi yanakatwa vichwa mbele hata ya kuwa namba. Kisha anafungua Windows, anashusha kifungo cha mikro, na kwa karti zingine kile kifungo kinagawanya tu namba zenye zimekwisha kuharibika. Kipimo kinashuka, kinafika 30, kinakuwa kijani. Kila kitu kiko muzuri kwa macho!

Wale wenye tulisoma agronomia tunajua hiyo mambo. Ukipima fosforasi ya udongo kwa rangi ya bluu, na rangi imepita nguvu ya mashini, unaongeza maji mbele ya kusoma. Hauwezi kusoma kwanza kisha ukagawanya namba. Hakuna asistanti wa labo angekubali, lakini kwenye sauti tunakubali kila siku.

Waandishi wa programu watasema, kwa haki, kwamba hawawezi kuona ndani ya karti ya kila mutu. Ndiyo. Lakini dalili ziko, na programu yao inazionyesha bila kuzisema. Kwenye ule mchoro wa rangi wenye kushuka kama maporomoko, kituo chenye nguvu kwenye herzi 500 kitaonekana tena kwenye 1,000 ao 1,500, kama kivuli. Shusha sauti ya redio yenyewe. Kama kivuli kinapotea na vituo vidogo vinabakia, shida ilikuwa kwenye kuingia. Ukurasa mumoja juu ya hiyo ungesaidia kuliko rangi tatu za kipimo.

Kuko pia upande wa chini, wenye kitabu kinapita haraka. Funga sauti ya redio kabisa. Kipimo kinapaswa kuanguka karibu na ziro. Kikibakia 20 na kitu, basi ordinatere inajisikiliza yenyewe: sharja, waya mubaya, konvertisere ya sola. Toa sharja, utumie betri, utazame tena. Na kwenye Windows, ondoa ule msaada wenye unaongeza nguvu ya mikro na ule wenye unasafisha sauti ya mazungumzo; huo wa pili unahesabia FT8 kuwa makelele, na unaifuta.

Kuko kitu kingine kidogo chenye kinachanganya wapya. Programu inaandika desibeli mara mbili kwenye dirisha moja: 30 ya kipimo, na -14 ao -19 mbele ya kila kituo. Ya kwanza ni ukubwa wa sauti ndani ya ordinatere, ya pili ni ishara ikilinganishwa na makelele ya herzi 2,500. Jina moja, kazi mbili. Nimeona mutu wa licence ya fizikia akizunguka kifungo cha sauti nusu saa ili -19 ipande. Haikupanda. Ile ilihitaji antene.