Ghorofa tatu za lugha, ukiwa Kihonda Maghorofani

Ukisoma isimujamii, yaani ule utafiti wa lugha na watu wanaoizungumza, lazima siku moja utachorewa picha ya ghorofa tatu. Juu Kiingereza, katikati Kiswahili, chini lugha za makabila. Chanzo chake ni makala ya Abdulaziz Mkilifi ya mwaka 1972. Nimeichora kwenye mitihani mara sijui ngapi na maksi nimepata. Shida imeanza nilipojaribu kuishi nayo hapa Kihonda.

Tumtendee haki mzee kwanza. Mwaka 1959 Charles Ferguson alieleza jamii zenye sura mbili za lugha moja, ya heshima na ya nyumbani. Mkilifi akaona Tanzania mambo hayaishii kwenye mbili. Alichosema hasa ni kwamba tuna jozi mbili zilizopandiana: Kiswahili kina cheo mbele ya lugha ya kabila, halafu Kiswahili hichohicho kinashuka cheo kikikutana na Kiingereza. Hoja hiyo haijazeeka. Mwanafunzi wa sekondari anapanda daladala ya Msamvu kwa Kiswahili, anafundishwa fizikia kwa Kiingereza, na mwalimu akiona nyuso zimekwama anarudi kwenye Kiswahili, ila mtihani hautarudi naye.

Herman Batibo, kwenye kitabu chake cha 2005 kuhusu kudidimia na kufa kwa lugha za Afrika, aliisogeza mbele zaidi: lugha yenye nguvu inachukua kazi za ile ndogo, moja baada ya nyingine, mpaka ndogo inabaki haina kazi. Kihonda hilo unaliona bila darubini. Nyumba ninayopanga ina vyumba sita na makabila matano, na watoto wote uani wana lugha moja, Kiswahili. Kiluguru wanajua majina ya vyakula na matusi mawili matatu.

Sasa, kinachonikera ni hilo neno "chini". Chini kwa nani?

Nilimsindikiza rafiki yangu kwenye kikao cha ukoo, pande za Matombo. Waluguru wanafuata upande wa mama: ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo, na mjomba ana sauti kuliko baba. Lilikuwa linazungumzwa shamba la migomba aliloacha bibi yake. Na ardhi Uluguru haijawahi kuwa jambo dogo. Mwaka 1955 wakulima walikataa kwa fujo kulazimishwa na wakoloni kuchimba matuta, na mpango ukaachwa. Basi, salamu na utangulizi vilikuwa kwa Kiswahili, kwa heshima yetu sisi wageni. Ilipofika kwenye mipaka, wazee wakahamia Kiluguru.

Rafiki yangu ana shahada. Kiingereza chake kinanishinda mimi ninayeandika haya. Lakini alikaa pale kwenye mkeka akitafsiriwa na binamu yake aliyeishia darasa la saba, na kila alipopata la kusema, kikao kilikuwa kishapita hapo. Hakuna aliyemnyang'anya kitu wala kumtukana. Wajomba walimpenda kabisa, walimchinjia kuku. Ila mambo ya shamba la bibi yake yaliamuliwa yeye akiwepo na hayumo.

Siku ile ghorofa ya juu ilikuwa lugha gani?

Utaniambia Mkilifi alizungumzia mambo ya taifa: shule, ofisi, siasa. Sawa, na yeye simlaumu sana. Nawalaumu tuliomfuata, tuliogeuza jozi zake mbili kuwa jengo la zege na kulitazama kutoka dirisha la ofisi. Ukisimama ofisini, Kiluguru kiko chini. Ukisimama kwenye mkeka Matombo, mwenye shahada ndiye anayetazama juu. Hata sokoni kwa Chifu Kingalu, mjini, nimesikia dalali ambaye si Mluguru akihesabu bei kwa Kiluguru na akina mama walioshusha mboga kutoka Mgeta. Hakujifunza kwa mapenzi ya utamaduni, bana. Alikuwa anatafuta bei.

Halafu kuna kosa letu sisi watafiti. Tunakuja Kihonda na dodoso la Kiswahili, tunamuuliza kijana, "Nyumbani mnatumia lugha gani?" Anajibu Kiswahili, na ni kweli. Tunaweka tiki, tunaandika kwamba lugha inakufa kwa sababu haina kazi tena. Kazi yake iliyobaki, ile ya kugawa mashamba, haifanyiki sebuleni Kihonda, kwa hiyo haimo kwenye hesabu yetu. Yule kijana akija kuitwa kwenye kikao atakuta kazi ipo, ila chombo hana.

Dodoso langu la kwanza lilikuwa hivyohivyo. Sasa nimeongeza swali: "Mara ya mwisho ulihitaji mtu akutafsirie ilikuwa wapi?" Nilianza kulijaribu kwa rafiki yangu. Nilitegemea atafikiria kidogo, aseme labda ubalozini au uwanja wa ndege.

"Kwa mjomba," akasema, hata sijamaliza kusoma.